Jimu inapunguza uzito kweli au tunalipia jasho tu? Mizani yangu imegoma

#1 Mzee wa Mkanda
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja.

Nimejiunga na jimu tangu mwanzo wa mwaka, na mimi siyo mtoro. Nakimbia kwenye mashine, napiga vyuma kidogo, natoka nimelowa chapachapa. Nilianza na kilo 97. Leo asubuhi mizani imesoma 96 na ushee. Mke wangu anasema nimepungua, wenzangu kazini wanasema nimepungua, mkanda umerudi matundu mawili. Mizani peke yake ndiyo imekataa kunitambua.

Dai langu ni hili na ninalisimamia mpaka aje mwenye hoja: jimu haipunguzi uzito. Jimu inakupa pumzi, inakupa usingizi, inakupa afya, lakini kilo zinapungulia mezani. Wanaobandika picha za "kabla na baada" ukutani wanauza bidhaa ambayo hawana.

Wenye uzoefu njooni mnipinge.

#2 Chuma Moto
Sasa mkanda umerudi matundu mawili, unataka nini tena mkuu? Mizani ikupigie makofi? Mafuta yametoka, misuli imeingia. Misuli ni mizito kuliko mafuta. Tupa mizani, endelea na tizi.

#3 Kapteni Uvivu
Naweka kambi hapa. Nina kadi ya jimu kwenye pochi, inanipa moyo kila nikiitazama.

#4 Fundi Mizani
Chuma Moto, weka sawa hapo. Kilo ya misuli na kilo ya mafuta zote ni kilo. Kinachotofautiana ni nafasi zinayochukua: misuli ina takriban gramu 1.06 kwa kila sentimita ya ujazo, mafuta yana kama 0.9. Ndiyo maana mtu anaweza kubaki kilo zilezile halafu suruali ikalegea.

Ila nina wasiwasi na hiyo habari ya kwamba misuli imejaza nafasi yote. Mleta mada anasema anakimbia na vyuma ni "kidogo". Misuli haiji kirahisi hivyo, wanaoitafuta usiku na mchana wanajua. Mimi ninashuku maji. Misuli ikianza kazi ngumu huongeza akiba ya glaikojeni, ile sukari inayohifadhiwa ndani ya misuli, na kila gramu ya glaikojeni hukaa na karibu gramu 3 za maji. Hapo bado hujaweka maji yanayojikusanya kwenye misuli inayouma baada ya mazoezi mapya. Wiki za mwanzo mizani inaweza kupanda kabisa huku mtu anaunguza mafuta.

#5 Chuma Moto
Ndicho nilichosema, wewe umeongeza desimali.

#6 Shangazi Mkavu
Mzee wa Mkanda una umri gani? Maana mnazunguka tu. Ukivuka 40 mwili unazima jiko. Unakula kilekile, unatembea kulekule, kitambi kinakuja chenyewe. Hakuna maji wala misuli hapo, ni uzee.

#7 Mzee wa Mkanda
Nina 43 shangazi, ila usiniite mzee, jina ni la mkanda.

Fundi Mizani, maji nayakubali kwa mwezi wa kwanza. Sasa tuko mbali na mwanzo. Hayo maji yamehamia?

#8 Fundi Mizani
Basi tupige hesabu. Kukimbia kunatumia takriban kilokalori 1 (ndiyo ile watu wanaiita kalori tu) kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Wewe wa kilo 96 ukikimbia kilomita 5 umetumia kama 480. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kama 7,700. Gawanya: unahitaji kilomita 80 hivi kuondoa kilo moja, kwa sharti kwamba hujaongeza hata tonge. Sasa lita moja ya soda ya kawaida yenye sukari ina kilokalori zaidi ya 400. Ukitoka jimu ukanywa lita, kilomita zako karibu zote zimeishia kooni.

Swali langu kwako: ukitoka mazoezini unakunywa nini?

#9 Mzee wa Mkanda
Mbona umeniuliza mbele za watu.

Juisi. Lakini ya matunda halisi!

#10 Kapteni Uvivu
😂😂 Uzi ufungwe, mshitakiwa amekiri.

#11 Nesi wa Zamu
Habari zenu. Juisi halisi nayo ina sukari karibu sawa na soda mkuu, tofauti siyo kubwa unavyodhani. Kula tunda lenyewe, unywe maji.

Lakini nataka kuwauliza kitu kingine, maana mnazungumzia kilo tu. Kuna aliyepima kiuno kwa futi ya fundi cherehani? Siyo pale mkanda unapofungwa chini ya tumbo. Tafuta ubavu wa mwisho na sehemu ya juu ya mfupa wa nyonga, weka futi katikati yake, toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani (wanaume wote hapa hulivuta). Kipimo kinachotumika sana: mwanamume akivuka sentimita 102 na mwanamke akivuka 88, hatari ya kisukari na moyo imepanda sana. Onyo linaanza mapema zaidi, 94 na 80, ingawa kwa wanaume wengi wa asili ya Asia mpaka huwekwa chini zaidi.

Mafuta ya ndani ya tumbo, yale yanayozunguka ini na utumbo, hupungua kwa mazoezi hata mizani ikiwa imesimama. Hilo limeonekana katika tafiti nyingi. Ukiniuliza mimi, mkanda wa mleta mada ni habari kubwa kuliko kilo zake.

#12 Mpita Njia
Huo uwiano wa uzito na urefu tunaopimwa kliniki, ile BMI, umewekwa na nani? Nasikia waliuchukua kwa wanajeshi.

#13 Fundi Mizani
Hapana. Hesabu yake ilianzia kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, mtu wa takwimu na nyota, hata daktari hakuwa. Alikuwa anamtafuta "mtu wa wastani", siyo kupima unene wa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1972 Ancel Keys na wenzake ndio waliupigia debe utumike kwenye tafiti za unene. Kwa hiyo ni kipimo cha makundi tunachokitumia kwa mtu mmoja. Mnyanyua vyuma aliyejazia anaweza kuvuka 30 na kuitwa mnene kupindukia hali hana kitambi.

#14 Chuma Moto
Nilishaitwa hivyo na mtu mwenye kitambi chake mwenyewe. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa ameshika sindano.

#15 Msomaji wa Usiku
Nimesoma kuanzia juu. Mmemshika mwenzenu kwenye juisi mkaridhika, lakini kuna maelezo mengine ambayo hayamlaumu.

Herman Pontzer na wenzake walipima Wahadza, wawindaji wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi. Matokeo yalitoka 2012. Wale watu wanatembea kutwa, wanachimba mizizi, wanabeba maji. Kila mtu alitarajia wawe wanatumia nishati nyingi kupindukia. Wakawapima kwa maji yenye alama maalumu, njia inayoaminika kuliko saa za mkononi. Baada ya kurekebisha tofauti za ukubwa wa mwili, nishati wanayotumia kwa siku haikutofautiana na ya Wamarekani na Wazungu wanaoshinda wamekaa.

Tafsiri yake ni kwamba mwili una bajeti kama ya mwenye mshahara mmoja. Ukitumia zaidi kwenye mazoezi, unabana kwingine: unakaa zaidi jioni bila kujijua, mambo mengine ya ndani yanapunguzwa kasi. Mzee wa Mkanda anaweza kuacha juisi leo na mizani ikaendelea kumcheka.

#16 Chuma Moto
Hiyo nadharia mimi inanishinda kuimeza. Wakimbiaji wa mbio ndefu mbona wamekauka? Mwili wao haukuarifiwa kuhusu bajeti?

#17 Msomaji wa Usiku
Wamekauka ndiyo wakakimbia vizuri, au wamekimbia ndiyo wakakauka? Mwembamba anavutwa na mbio, mnene anakata tamaa mapema. Ukiwatazama waliobaki uwanjani utafikiri mbio ndizo zimewaumba.

#18 Fundi Mizani
Wote mnavuta kamba kupita kiasi. Kwenye majaribio ambapo watu wanafanyishwa mazoezi chini ya usimamizi, wanapungua, ila pungufu ya hesabu ya karatasi. Mwili unafidia sehemu tu ya kile ulichotumia. Na kuna mtu mmoja anafidia sana, mwingine hafidii kabisa, ndiyo maana ndugu wawili wanaingia jimu siku moja na mmoja anatoka na suruali mpya.

#19 Shangazi Mkavu
Umri wangu mmeupita kama hamkuuona.

#20 Msomaji wa Usiku
Hatujakupita shangazi. Mwaka 2021 ulitoka utafiti mkubwa kwenye jarida la Science, watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia watoto wachanga wa siku 8 mpaka wazee wa miaka 95. Ukiondoa tofauti za ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati yalikaa palepale kuanzia miaka 20 hadi 60. Kushuka kunaanza baada ya hapo, taratibu, chini ya asilimia 1 kwa mwaka. Jiko la miaka 43 bado linawaka.

#21 Shangazi Mkavu
Hao 6,400 mimi sikuwemo. Tumbo langu nalijua lilianza lini.

#22 Nesi wa Zamu
Shangazi usiondoke, una hoja. Wanawake wakikaribia kukoma hedhi mafuta yanahama, yanatoka mapajani na nyonga yanakuja tumboni, hata kama kilo hazijaongezeka. Na misuli inapungua kadiri miaka inavyokwenda kwa yeyote asiyeitumia. Kwa hiyo unachokiona kwenye kioo ni kweli, ila sababu siyo jiko kuzimika.

Na hapo ndipo vyuma vinapoingia. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya 2020 kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za makali, PAMOJA na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Watu wanashika nusu ya kwanza, ya pili hawaitaki.

#23 Shangazi Mkavu
Vyuma sitaki. Nitaota mabega ya baunsa nikose nguo za kuvaa.

#24 Kocha wa Pembeni
Nafanya kazi ya kufundisha watu jimu, acha nijibu hili kwa niaba ya makocha wote wanaolisikia kila wiki. Shangazi, kuna vijana wanakuja na kopo la protini, wanakula kama wamefunga mkataba, wananyanyua mpaka viganja vinaota sugu chini ya vidole, na mabega hayaji. Wewe yakufuate kwa dambeli za kilo 4? Mwanamke ana testosteroni, homoni inayojenga misuli, kidogo sana ukilinganisha na mwanamume. Utapata mgongo ulionyooka na utabeba mizigo yako bila kuita mtu.

Na nikuambieni ninachokiona kila siku. Mtu anapanda mashine ya kukimbilia, anaweka mwinuko mkubwa ili kioo kionyeshe kalori nyingi, halafu anashika vyuma vya mbele kwa mikono miwili, mwili umelala nyuma. Angalia mikono yake: imenyooka, vidole vimekuwa vyeupe kwa kubana. Uzito umebebwa na mashine, miguu inasindikiza. Anashuka anapiga picha ya kioo: kalori 600. Anakwenda kuzila.

#25 Mpita Njia
Hapo kwa kushika vyuma umenigusa, sitaki kusema zaidi. Saa ya mkononi je, si inasoma mapigo? Hiyo haiwezi kudanganya.

#26 Fundi Mizani
Mapigo inasoma vizuri. Kalori ndiyo shida. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2017 walipima vifaa saba vya kuvaa mkononi. Kilichokuwa sahihi kuliko vyote kwenye kalori kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Kibovu kuliko vyote, 93.

#27 Kapteni Uvivu
Mnajua hiyo mashine ya kukimbilia babu yake ni adhabu ya jela? William Cubitt, mhandisi wa Uingereza, mwaka 1818 alitengeneza gurudumu kubwa la ngazi, wafungwa wanapanda kwa saa nyingi na hawafiki popote. Lilifutwa mwishoni mwa karne hiyo kwa sababu ya ukatili wake. Leo watu wanalipia na wanapanga foleni.

Na mimi nina haki ya kukaa nyumbani kisayansi. Stefano DellaVigna na Ulrike Malmendier, wanauchumi, walichapisha mwaka 2006 utafiti wa wanachama wa jimu huko Marekani. Waliochukua mkataba wa mwezi walikwenda wastani wa mara 4 na kidogo kwa mwezi, kila ziara ikawagharimu zaidi ya dola 17, wakati pale pale mlangoni kulikuwa na tiketi ya dola 10 kwa ziara. Biashara ya jimu inasimama kwa watu kama mimi. Tukija wote siku moja mtakosa pa kuweka mguu. Nishukuruni.

#28 Chuma Moto
Hao mara 4 wamekuzidi mara 4 mkuu.

#29 Binti wa Kamba
Nami nichangie. Nilipata usajili wa jimu kama zawadi, nikaenda nikakuta kila benchi limekaliwa na mtu anachezea simu. Nikarudi kwenye kamba yangu ya kuruka na pushapu za sakafuni. Uzito ulishuka vizuri, ila kwa uaminifu kipindi hichohicho niliacha kula usiku wa manane na nikabadilisha kazi ya zamu. Sasa nashindwa kujua nani apewe sifa: kamba, chakula au usingizi.

#30 Nesi wa Zamu
Usingizi usiudharau. Mtu asiyelala vizuri njaa yake hupanda, na anatamani hasa vitu vitamu na vya mafuta. Nawaona wenzangu wa zamu ya usiku, na najiona.

Mzee wa Mkanda, niulize na hili: kuna dawa yoyote unatumia? Dawa za jamii ya steroidi kama prednisoloni, insulini, baadhi ya dawa za magonjwa ya akili kama olanzapini, hizo zinaweza kuongeza uzito. Kwa wanawake kuna wanaoongezeka na sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Tezi ya shingo ikilegea nayo inachangia. SISEMI mtu aache dawa. Ongea na aliyekuandikia. Na anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari kwa nguvu apime kabla ya mazoezi, misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu hata bila msaada wa insulini, anaweza kuanguka.

#31 Mzee wa Mkanda
Dawa ya presha tu, na daktari ameipunguza dozi mwezi uliopita. Sukari yangu ya asubuhi pia imeshuka, ilikuwa inamnunisha.

#32 Nesi wa Zamu
Na hili ulikuwa unalificha posti zote hizi? 😅

#33 Mzee wa Mkanda
Sikulificha. Mada ni kilo.

#34 Msomaji wa Usiku
Mada ilikuwa kilo tangu lini? Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva amekaa kutwa, kondakta anapanda na kushuka ngazi kutwa. Makondakta walipata ugonjwa wa moyo pungufu ya madereva. Kabla ya hapo wazo kwamba mazoezi yanalinda moyo halikuwa na ushahidi wa namna hiyo.

#35 Fundi Mizani
Uongeze na kilichofuata. Baadaye Morris mwenyewe alitazama saizi za sare, akakuta madereva walikuwa wanavaa viuno vipana tangu wanaajiriwa. Kwa hiyo hata pale kuna swali la nani alichagua kazi gani. Ingawa hata ndani ya saizi moja ya sare, kondakta aliendelea kuwa salama zaidi.

#36 Mpita Njia
Mimi nataka tumbo tu liondoke, kwingine niko sawa. Sitapu ngapi kwa siku?

#37 Kocha wa Pembeni
Hata ukipiga mpaka mkeka uchanike. Mwaka 1971 walipima wachezaji wa tenisi, mkono wa raketi na mkono mwingine. Misuli ya mkono wa raketi ilikuwa mikubwa zaidi, mafuta ya chini ya ngozi hayakutofautiana. Mwili ndio unachagua pa kupunguza, wewe huchagui. Sitapu zinakaza misuli, mafuta yanabaki yamelala juu yake.

#38 Ndugu wa Mgonjwa
Wakuu samahani naingilia, ila ni muhimu kwa wageni wa jimu. Mdogo wangu alikwenda siku ya kwanza, wakampa shindano la skwati na wazoefu. Alimaliza kwa ubishi. Kesho yake hawezi kushuka ngazi, tukacheka. Siku ya pili mapaja yamevimba na mkojo umetoka rangi ya soda nyeusi. Tukaacha kucheka. Alilazwa na dripu mpaka figo zikatulia.

#39 Nesi wa Zamu
Pole sana. Hiyo ni misuli kuvunjika na yaliyomo kumwagika kwenye damu, figo zinazidiwa. Maumivu ya kawaida ya mazoezi hufika kilele kati ya saa 24 na 72 kisha yanapungua. Mkojo mweusi au wa rangi ya chai nzito, uvimbe, udhaifu unaozidi: ni hospitali saa hiyohiyo, usisubiri asubuhi.

#40 Chuma Moto
Wa zamani wanaoshindanisha wageni wakatazwe kabisa kuingia. Nimeona hiyo tabia, inakera.

#41 Binti wa Kamba
Mbona hakuna aliyetaja sindano za kupunguza uzito? Wenzetu wenye uwezo wameacha jimu wanachoma.

#42 Fundi Mizani
Semaglutaidi. Kwenye jaribio kubwa la 2021, watu 1,961, wiki 68, waliochomwa walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito, waliochomwa sindano isiyo na dawa ndani asilimia 2 na ushee. Hakuna jimu inayogusa namba hizo. Lakini walioacha, ndani ya mwaka mmoja walirudisha kama theluthi mbili ya walichopoteza. Na sehemu ya kinachopotea ni misuli, kwa hiyo hata mwenye sindano anaambiwa anyanyue vyuma.

#43 Kocha wa Pembeni
Hapa mniruhusu nipigie jimu kampeni. Kuna daftari la Marekani lililoanzishwa 1994 linalofuatilia watu waliopungua angalau kilo 13.6 na wakakaa hivyo mwaka mzima au zaidi. Karibu wote walibadilisha chakula, na asilimia 90 wanafanya mazoezi, wastani wa saa moja kwa siku. Wengi wao wanatembea tu. Kwa hiyo mezani panaweza kuondoa kilo, lakini zisirudi ni kazi ya miguu.

#44 Msomaji wa Usiku
Au wanaoweza kudumu na mazoezi ndio haohao wanaoweza kudumu na chakula, na daftari limewaokota kwa tabia hiyo. Wamejiandikisha wenyewe, kumbuka.

#45 Kocha wa Pembeni
Wewe ukipewa maji utauliza yamelowa kwa sababu gani.

#46 Mzee wa Mkanda
Wakuu asanteni. Mpaka sasa nimeambiwa ni maji, misuli, juisi, bajeti ya mwili, usingizi, mashine inadanganya na shangazi anasema uzee. Juisi nimeiacha tangu jana. Dai langu bado limesimama lakini limeanza kuyumba upande mmoja.

#47 Shangazi Mkavu
Ni uzee. Utanikumbuka.

#48 Goti Bovu
Mimi nina kilo 110 na magoti yanalia nikipanda ngazi. Nikienda jimu si ndiyo nitayamaliza?

#49 Nesi wa Zamu
Kinyume chake, kama umeshaonwa na daktari na hakuna kilichochanika. Utafiti wa 2005 kwa wazee wenye magoti yaliyolika ulionyesha kila kilo moja unayopunguza inaondoa mzigo wa kama kilo 4 kwenye goti kwa kila hatua. Anza na kuogelea au baiskeli ya kukalia, acha kuruka kwa sasa.

#50 Goti Bovu
Kuogelea sijui. Baiskeli ipo kwa jirani, haitumii, anaanikia nguo.

#51 Kocha wa Pembeni
Ondoa nguo zake kwa heshima. Panda, weka kisigino kwenye pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha mbele ya unyayo kwenye pedali, goti libaki limekunjika kidogo. Tandiko likiwa chini mno goti linabanwa mbele, ndipo maumivu yanapotoka. Anza bila uzito wowote, dakika 10, uweze kuongea huku unakanyaga.

#52 Goti Bovu
Nimelipandisha tandiko na niko juu yake sasa hivi. Kukanyaga kuko sawa, goti halilii. Ila miguu haifiki chini. Nashukaje?